Goroli Haisimamishi Gari

Kuna ufundi mmoja ninaoupinga, na nitaupinga hata nikibaki peke yangu gereji nzima: kuziba paipu ya breki inayovuja kwa goroli.

Kwa asiyejua, hufanywa hivi. Paipu ya chuma inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu imeliwa na kutu na inavuja. Nati ya upande wa gurudumu imeganda, haifunguki. Basi fundi anafungua nati ya upande wa pili, anatumbukiza goroli ndogo, anakaza. Ikiwa nayo imegoma, anaikunja paipu na kuiponda kwa nyundo. Mafuta hayafiki tena kwenye gurudumu lile, kwa hiyo hayavuji. Upepo unatolewa, dereva anakanyaga pedali na kuikuta ngumu. Anafurahi, analipa, anaondoka na gari lenye magurudumu manne na breki tatu.

Ile pedali ngumu ni shahidi wa uongo. Gari linalovuja angalau linasema ukweli: mafuta yanapungua kwenye chupa, tairi linalowa upande wa ndani, pedali inazama. Gari lililozibwa limekatwa ulimi. Litakaa kimya hadi siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji. Kama lililozibwa ni gurudumu la mbele, usukani utavutwa kwenda upande wenye breki. Mwaka jana nililala chini ya Hiace ya abiria iliyoletwa kwangu kwa sababu ilikuwa "inavuta kidogo kushoto". Paipu ya mbele kulia ilikuwa imepondwa bapa kama utambi. Nilimwambia dereva hatoki nalo. Akanijibu, "Fundi, mbona linasimama? Nimebeba watu nalo mwezi mzima."

Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, ila sisi mafundi tumeishika neno la kwanza tu. Paipu iliyooza si ufa wa kuzibwa. Ni ukuta uliokwisha kuanguka, na kazi yake ni kujengwa upya.

Nawajua wenzangu, si watu wabaya. Goroli huanzia kwenye nati moja ya milimita 10. Spana ya kawaida ya mdomo wazi huishika nati hiyo pande mbili tu. Ikiwa imeshika kutu, spana inateleza, kona zinalika. Inaletwa praiz, kona zilizobaki zinaisha. Inazungushwa kwa hasira, paipu inajisokota pamoja na nati kama nguo inayokamuliwa. Hapo ndipo mtu anapoitafuta goroli.

Yote hayo yanaepukika. Ipo spana maalumu ya nati za paipu, inayokumbatia nati karibu pande zote na kuacha upenyo wa paipu tu. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwa nje, kisha fanya kazi nyingine; gari likiweza kulala, lilale. Gonga nati kidogo kidogo, usiipige. Ikaze kwanza unywele mmoja, ndipo uilegeze, uirudishe, uilegeze tena. Ikikataa kabisa, kata paipu karibu na nati uingize boksi spana ya kona sita. Paipu ile si ya kuhurumiwa, tayari imekufa. Moto uache mbali na mpira wa breki na mafuta yake, maana yanashika moto. Kisha funga paipu mpya, utoe upepo hadi povu liishe.

Hakuna uchawi hapo. Kinachohitajika ni muda, na muda ndio kitu ambacho hakuna anayetaka kuulipia. Wenye magari, hapa nawasema ninyi. Mnalipia spea kwa sababu mnaishika mkononi. Saa tatu za kungoja nati ilegee mnaziita uvivu. "Nizibie tu hapo, bosi anataka hesabu jioni." Fundi anayekataa mnamkimbia, anayeziba mnamsifu ana mkono mwepesi. Kwa bei hiyo mnanunua goroli, hata kama hamjawahi kuiona.

Wengine hunijibu kwamba gari lenyewe ni la zamani. Ndiyo, na tunaishi Dar es Salaam, penye upepo wa bahari na chumvi yake. Uzee wa chuma ni sababu ya kukishika kwa adabu, si ruhusa ya kukidanganya. Gari kuukuu likipakia abiria linateremka Kitonga ile ile anayoteremka mwenye gari jipya, na breki zake tatu zinabeba kazi ya nne. Zinapata joto zaidi. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya unyevu wa hewa, kinakubali mpaka 155. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na pedali inayokanyaga mvuke inafika sakafuni.

Sipingi dharura. Tangi la petroli likitoboka porini, paka sabuni ya mche ufike mjini. Mpira wa rejeta ukipasuka, ufunge kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, ongeza maji, tembea pole pole. Hayo yakishindikana injini inachemka, unapoteza mali. Breki zikishindikana, anayelipa ni yule aliyesimama kituoni na hata nauli bado hajatoa.

Kwa hiyo ukichukua gari gereji, usiridhike na pedali. Mwambie fundi alegeze skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu moja baada ya jingine, nawe ukanyage taratibu. Mafuta lazima yatoke kwenye yote manne, kisha skrubu zikazwe na mafuta yaongezwe. Gurudumu likibaki kavu, usipokee funguo. Na wewe fundi mwenzangu, mteja akikulazimisha kuziba, mrudishie hela yake na umpe namba ya mwenye gari la kuvuta.