Kenya: Vyama vya maeneo na hesabu ya kura za urais

Ibara ya 91 ya Katiba ya Kenya inakataza chama cha siasa kuasisiwa kwa misingi ya dini, lugha, kabila au eneo. Hata hivyo, kila uchaguzi unapokaribia, swali la kwanza jijini Nairobi huwa ni nani anashika ngome ipi.

Chanzo kimo katika Katiba hiyo hiyo. Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Hakuna eneo liwezalo kufikisha hesabu hiyo peke yake. Ndipo chama kidogo chenye ngome yake kinapopata bei.

Mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211. Kabla ya hapo, Musalia Mudavadi wa ANC na Moses Wetang'ula wa Ford-Kenya, wote kutoka Magharibi, walikuwa wamekwisha kuungana naye katika Kenya Kwanza. Bungoma, nyumbani kwa Wetang'ula, ilimpa Ruto ushindi. Vihiga, nyumbani kwa Mudavadi, ilimchagua Odinga, na Kakamega vilevile. Mudavadi akawa Mkuu wa Mawaziri hata hivyo, naye Wetang'ula akawa Spika wa Bunge la Taifa.

Huko Pwani, Amason Kingi alikihamisha chama chake cha PAA kutoka Azimio miezi michache kabla ya kura. Kilifi ilibaki na Odinga. Kingi akapata uspika wa Seneti. Malipo hayo si ya ajabu: pengo likiwa dogo, kumpunguzia mpinzani kura nyumbani kwake ni faida tosha, hata bila kuishinda kaunti.

Anayebaki na shaka ni mpiga kura. Skwota wa Kilifi na mkulima wa miwa wa Kakamega walitajwa sana majukwaani, lakini wao si watia saini wa mkataba wowote. Mwaka 2025 ANC ilivunjwa na kuingizwa katika UDA, na hivyo mkazi wa Vihiga hana tena chama cha kukidai ahadi.

Mwaka huo huo Rigathi Gachagua, aliyeondolewa katika unaibu rais Oktoba 2024, alizindua chama cha DCP, ambacho ngome yake ni Mlima Kenya. Uchaguzi ni Agosti 2027, na mazungumzo ya miungano yamekwisha kuanza.