Ukishamaliza kuitazama Paris, rudi Jangwani

Najua nimepotea. Kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe, lakini leo naomba nikiri hadharani kwamba sababu nyingine ya ukimya wangu ni Google Earth. Kwa wiki tatu sasa nakaa kitandani na kompyuta mapajani, najiambia naangalia kitu kimoja tu kisha nalala, mara nasikia adhana ya alfajiri.

Kitu chenyewe si kipya, najua. Programu hii ilitoka Juni 2005, baada ya Google kuinunua mwaka 2004 kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Keyhole. Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, kaka yangu aliponipeleka kwenye kafe moja ya intaneti Kariakoo. Alilipia nusu saa. Dunia ikajitokeza kwenye skrini, ikazunguka taratibu, halafu picha zikaanza kushuka kipande kimoja kimoja kama mtu anayepanga vigae. Tulikwenda wapi? Paris, bila shaka. Nusu saa ikaisha tukiwa bado tunasubiri mnara wa Eiffel uache kuwa ukungu. Tukatoka nje tumefurahi kweli kweli, utadhani tumetoka uwanja wa ndege.

Miaka karibu ishirini baadaye, intaneti ina kasi na dunia nzima iko mfukoni kwenye simu, lakini ukimpa kijana wa mjini programu hii bado anakwenda kule kule: Eiffel, Ikulu ya Marekani, Old Trafford, kile kisiwa cha Dubai chenye umbo la mtende. Dakika kumi, keshachoka, anarudi kwenye video za vichekesho. Hapo ndipo ninapogombana na marafiki zangu. Nasema mnachezea kitu msichokijua!

Hebu nianze na burudani, maana ipo tele. Nenda Mauritania, utafute Jicho la Sahara. Ni duara ndani ya duara ndani ya duara, upana wake unafika kilomita 40 hivi. Ukiwa umesimama katikati yake utaona mawe na mchanga tu. Ukiwa angani utaona jicho linakutazama. Zamani baadhi ya wanasayansi walidhani ni kovu la kimondo, kumbe ni miamba iliyovimba kutoka chini na kumomonyoka kwa mamilioni ya miaka. Ukitoka hapo nenda Saudi Arabia, kwenye jangwa, ukayaone maduara ya kijani yaliyopangwa kama sarafu mezani. Ni mashamba. Bomba refu linazunguka kama mshale wa saa likimwaga maji ya kale yaliyovutwa kutoka chini kabisa ya ardhi. Nyumbani kwetu tumeyafanya mchezo: mmoja anafungua mahali popote duniani, wengine wanakisia ni wapi, anayekosa anaosha vyombo. (Mimi huwa naosha.)

Lakini utamu wenyewe uko kwenye miaka. Kwenye programu ya kompyuta kuna alama ya saa. Ukiibonyeza unaletewa mstari wa tarehe, unausogeza nyuma, na picha za zamani zinatokea. Kipengele hiki kilianza mwaka 2009, na mwaka 2024 kikafika hadi kwenye simu na kwenye tovuti. Pia kuna picha zilizounganishwa kuanzia mwaka 1984, zinazokwenda kama filamu. Itazame Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, jinsi inavyonywea kama dimbwi la mvua baada ya mito yake kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba tangu enzi za Wasovieti. Kisha njoo Dar es Salaam. Sogeza mstari na uone Daraja la Kigamboni likichomoza majini hadi kufunguliwa kwake mwaka 2016. Sogeza tena, uone Daraja la Tanzanite likipita juu ya bahari pale ambapo kabla ya 2018 palikuwa na mawimbi tu. Nilimwonyesha jirani yangu, dereva wa bodaboda ambaye hana habari na mambo ya setilaiti, akakaa nami saa nzima. Chai ikapoa.

Na msidhani ni mchezo mtupu. Mwaka 2005 mwanasayansi Julian Bayliss alikuwa anakagua milima ya kaskazini mwa Msumbiji kwa kutumia programu hii hii akaona doa la kijani juu ya Mlima Mabu. Wenyeji waliujua msitu ule miaka yote, tena wengine walijificha humo wakati wa vita. Wanasayansi ndio walikuwa hawaujui. Mwaka 2008 msafara ukapanda, ukakuta aina za vipepeo na wanyama wengine ambao hawajawahi kuandikwa popote.

Ila hadithi inayonishika mimi ni ya Saroo Brierley. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 5, alipotea India kwa kulala kwenye treni iliyompeleka hadi Kolkata, mbali kabisa na kwao. Hakujua jina sahihi la mji wake. Akachukuliwa na familia ya Australia, akakulia Tasmania. Ukubwani akakaa chini na Google Earth, akafuata reli moja baada ya nyingine zinazotoka Kolkata, usiku kwa usiku, akitafuta stesheni yenye tangi la maji na daraja la waenda kwa miguu aliyoyakumbuka. Mwaka 2011 akaupata mji wa Khandwa. Mwaka uliofuata akasimama mbele ya mama yake mzazi. Filamu yake mnaijua, inaitwa Lion, ya mwaka 2016.

Niliposoma habari ile nilijiuliza: hivi mimi nimewahi kutafuta kwetu?

Kwetu ni bondeni. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na nyumba bonde la Msimbazi, upande wa Jangwani, na utoto wangu wa likizo zote uko pale. Desemba 2011, mimi nikiwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, yakaja yale mafuriko. Watu zaidi ya 40 walifariki Dar es Salaam. Bibi alitoka usiku na kanga moja na mkoba wa vyeti. Baadaye Serikali ikatoa viwanja Mabwepande kwa waathirika, naye akahamia huko, mbali na kila mtu anayemfahamu. Picha zote za nyumba ile zililowa zikaoza. Familia nzima hatukuwa na picha hata moja ya nyumba aliyozaliwa baba yangu.

Usiku mmoja mwezi uliopita nikashuka pale kutoka angani. Picha ya sasa haikunipa kitu, majani na tope tu. Nikasogeza mstari nyuma, mwaka mmoja, mwingine, nikapita 2011. Mapaa yakajaa ghafla. Nilidhani sitaijua nyumba, maana mapaa ya bati yote ni sawa. Lakini babu aliezeka kwa awamu mbili, hela ilikata katikati, kwa hiyo nusu ya paa ilikuwa bati jipya linalong'aa na nusu ilikuwa kutu. Nikaiona. Nusu nyeupe, nusu nyekundu, na kivuli cha mwembe ubavuni. Sioni aibu kusema nililia.

Jumamosi nikabeba kompyuta hadi Mabwepande. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mume wangu, umeniletea nini?" Nikamwonyesha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na mimi niko wapi hapo?" Nikamweleza kwamba hata setilaiti nzuri za biashara zinaona vitu vya sentimita 30 hadi 50, mtu akionekana ni nukta tu. Hakupenda. "Yaani wamempiga picha mwembe, mimi wameniacha? Na ruhusa waliomba kwa nani?"

Swali la ruhusa sikuwa na jibu lake. Lakini lililofuata ndilo lililonifanya niandike hapa.

Nikiwa najitia mjuaji, nikamwambia: "Lakini Bibi, si unaona mlivyojenga karibu na mto?" Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa navunja vikombe. "Sisi hatukuufuata mto. Mto ndio umetufuata." Nikatabasamu kwa adabu, ule uongo wetu sisi wasomi. Usiku nikarudi kwenye mstari wa tarehe, na safari hii sikutazama mapaa, nilitazama maji. Jamani, ukingo kwenye ile kona ulikuwa unasogea. Mwaka hadi mwaka mto unapanuka, unakula upande wa kwa bibi. Na sababu hazikuwa siri: vilima vya huko juu upande wa Pugu vimekatwa miti na kujengwa, udongo unashuka, mchanga unachimbwa, taka zinaziba, mji unaongezeka. Sensa ya 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu kama milioni 2.5, ya 2012 ikahesabu milioni 4.36; ya 2022, milioni 5.38. Kila paa jipya kule juu ni maji mengine yanayokimbilia bondeni.

Nisiwe mnafiki: picha zile zile zinaonyesha pia nyumba nyingi zilizoongezeka bondeni miaka ya karibuni, nyingine mto ukiwa tayari uko mlangoni. Kwa hiyo wanaosema watu walijenga mahali pabaya hawasemi uongo. Wanasema nusu. Na sisi waandishi tumeirudia nusu hiyo mpaka imekuwa kama habari kamili. "Wavamizi wa mabondeni" — mimi mwenyewe nimewahi kuandika maneno hayo, nikijua bibi yangu ni mmoja wao, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye taarifa niliyopewa nami nilikuwa na dakika ishirini tu. Kusogeza ule mstari kunachukua dakika mbili.

Hii ndiyo hoja yangu, wadau. Picha hizi zamani zilikuwa za majeshi na serikali kubwa. Leo zile za Landsat, setilaiti za Marekani zinazoipiga picha dunia tangu 1972, ni bure kwa kila mtu tangu mwaka 2008. Ni kweli haziwezi kuonyesha nyumba, maana pikseli yake ni mita 30, lakini msitu na ziwa utaviona vizuri. Wazungu wa Ulaya nao wana Sentinel-2, ya mita 10, bure vile vile, na kila baada ya siku chache inarudi. Anayetaka kukupanga, kukuhamisha, kukukatia shamba, ameshakutazama kutoka juu kabla hajaja na rula. Kwa nini wewe uliyeishi pale usitazame?

Tena wapo walioanza siku nyingi. Pale Nairobi, Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi mradi wa Map Kibera ulipoanza mwaka 2009, vijana wa mtaa wenyewe wakaandika vichochoro, shule na mabomba. Hapa Dar, Ramani Huria ilianza 2015, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi, wakitembea Tandale na mitaa mingine kuchora mitaro na kuuliza maji huwa yanafika wapi. Zingatia neno kuuliza. Picha ilinipa paa. Kisa cha mto nilikipata Mabwepande kwenye mkeka.

Tahadhari kidogo kwa watakaojaribu. Picha ya juu mara nyingi imeshonwa kutoka picha za siku tofauti, kwa hiyo angalia tarehe kabla hujapiga kelele. Kivuli kinadanganya, bati jipya linaweza kung'aa likaonekana kama maji, na mawingu ya pwani yetu ni balaa. Na usimtangazie mtu nyumba yake mtandaoni bila kumuuliza. Bibi amenifundisha hilo.

Bonde lenyewe linabadilika tena. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde la Msimbazi, na wakazi wengi waliokuwa wamebaki wamelipwa fidia wakaondoka. Huenda ni jambo jema. Bibi mwenyewe anasema hatamani mtu mwingine atoke usiku na kanga moja. Lakini maana yake ni kwamba watoto waliokulia pale juzi, kama mimi, wakitaka kuwaonyesha watoto wao mlango wa kwao, itabidi wausogeze ule mstari nyuma.

Nilipeleka ile picha stationari, ikachapwa kwa rangi, nikainunulia fremu. Bibi ameitundika sebuleni karibu na picha ya harusi ya baba. Kila mgeni anayeingia anaonyeshwa: hii nusu nyeupe ni pale hela ilipopatikana, hii nusu nyekundu ni pale ilipokuwa haijapatikana. Bado ana lawama moja. Mwembe, anasema, ulikuwa mkubwa kuliko hivyo, na nirudi nikautafute mwaka ambao ulikuwa umezaa.