Kiti cha Kamati ya Shule Kinamngoja Nani?

Juma hili tuongee juu ya jambo ambalo katika vijiji vyetu vya Tanzania hufanywa upesi mno: kuchagua wajumbe wa kamati ya shule ya msingi.

Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Wazazi huitwa saa tatu, mkutano huanza saa tano. Jua limekwisha kuwa kali, na kila mtu awaza shamba lake. Inapofika zamu ya kuchagua wajumbe, mmoja apaza sauti kutoka nyuma: “Waendelee walewale!” Watu wapiga makofi, wacheka, wainuka wakikung’uta vumbi. Uchaguzi umekwisha. Baada ya miezi sita choo cha wasichana kimejaa, na walewale waliopiga makofi waulizana njiani: “Hivi hii kamati yetu hufanya kazi gani?”

Leo nataka kusema nawe unayeuliza swali hilo. Yawezekana kiti kile kinakungoja wewe.

TUMEZOEA KUWAACHIA WENGINE

Zamani shule nyingi za vijijini zilijengwa na misheni. Padre ndiye aliyekuwa meneja wa shule, na wazazi walisema: “Mambo ya shule anayajua Padre.” Ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 shule hizo zikawa za Serikali. Wazazi wengi walibadili jina tu, wakasema: “Mambo ya shule inayajua Serikali.” Hata hivyo, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, ule tuliouita MMEM, kamati za shule zilipewa kazi ya kusimamia fedha zinazoletwa shuleni. Na kamati ni nani? Mwalimu mkuu ni katibu wake, walimu nao wana sauti, lakini wazazi ndio waliotazamiwa kuwa macho yake. Basi hatuna tena wa kumwachia.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, fungu la kila mwanafunzi wa shule ya msingi lilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zilipangwa kwenda shuleni, na 4,000 kubaki kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo, shule yenye watoto 400 hutazamia shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa watoto wote, kila mmoja apata shilingi 500 kwa mwezi. Humo itoke chaki, zitoke karatasi za mitihani, itoke kufuli ya ofisi, utoke msumari wa bati lililong’olewa na upepo.

Hapo twajifunza mambo mawili. Kwanza, fedha hizo ni chache. Kwa hiyo si kila upungufu ni wizi, na mjumbe asiyejua hesabu hii atamwonea mwalimu mkuu bure. Pili, kwa kuwa ni chache, shilingi 50,000 zikipotea, robo ya fedha ya mwezi mzima imekwenda. Mwenye gunia moja la mahindi humwona panya mapema kuliko mwenye ghala.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kazi kubwa ya mjumbe ni hiyo: kuomba daftari la mapato na matumizi, kutazama stakabadhi, kwenda kukiona kwa macho kile kilichoandikwa kuwa kimenunuliwa, na kuhakikisha kwamba hesabu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo mahali wazazi wanapoweza kuisoma. Kisha arudi kwa waliomchagua awaambie, likiwa jema au baya. Mjumbe anayejua siri zote za shule na hasemi lolote kwa wazazi, huyo amekuwa kabati tu.

Yako na mambo ya chakula na michango. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza walimu kuwatoza wanafunzi michango. Lakini uji na makande ya mchana havishuki kutoka mbinguni, na mahali pengi wazazi ndio wanaoleta mahindi na maharage. Hapo kamati yahitaji watu wenye busara, wanaoweza kukaa na wazazi wenzao wakapatana kwa hiari, na wakafuata kibali kinachotakiwa. Mtoto wa mjane asirudishwe nyumbani kwa sababu debe la mama yake halikuletwa. Mjumbe mwema husimama upande wa mtoto huyo, hata kama wengine wote wamekasirika.

NANI ASIGOMBEE?

Asigombee fundi atakaye kupewa kazi ya kutengeneza madawati. Ufundi si dhambi, lakini hawezi kukaa mezani akijilipa mwenyewe. Asigombee aliye na kisa na mwalimu fulani na atafuta mahali pa kumkomoa. Wala asigombee anayekifanya kiti hiki kuwa ngazi ya kupandia uenyekiti wa kijiji. Huyo atahudhuria vikao viwili vya kwanza, na kuanzia hapo tutamwona kwenye picha tu.

Tena, mjumbe si mkaguzi wala si mwalimu wa walimu. Haingii darasani na fimbo kuuliza mbona hesabu haikueleweka. Kuajiri mwalimu au kumfukuza si kazi yake. Akiona mwalimu hafiki kazini, ataje siku na saa katika kikao, mbele ya katibu, iandikwe. Neno lililoandikwa huweza kufika kwa afisa elimu kata. La kilabuni huishia kilabuni.

“LAKINI MIMI…”

Nawasikia baadhi yenu: “Lakini mimi sikusoma sana.” Kama hujui kusoma vizuri, omba katika kikao hesabu isomwe kwa sauti, polepole, kifungu kwa kifungu. Utashangaa jinsi jambo hilo moja linavyosaidia, maana nusu ya wanaoshika karatasi na kutikisa kichwa nao hawajaielewa. Umeuza kahawa, umenunua mbolea, umelea watoto kwa fedha haba. Hayo yote ni elimu ya kuhesabu.

“Lakini mimi ni mwanamke.” Ndiyo sababu hasa twakuhitaji. Msichana wa darasa la sita anapobaki nyumbani siku tatu kila mwezi kwa kuwa choo hakina mlango wala maji, nani atalisema hilo katika kikao cha wanaume watupu? Wataongea juu ya uzio na goli la mpira mpaka jioni. Nanyi akina baba, mama akitaka kugombea, msimwulize nani atapika siku ya kikao. Kikao si cha kila siku, nanyi mna mikono.

“Lakini nitagombana na mwalimu mkuu.” Hapana. Mwalimu mkuu mwaminifu hufurahi kupata mjumbe anayeuliza, kwa sababu hesabu ikishatazamwa na wengi, hakuna wa kumsingizia. Muulize kwa heshima: “Mwalimu, tusaidie kuelewa hapa.” Akikasirika kwa swali la namna hiyo, basi swali lilikuwa mahali pake.

JINSI YA KUGOMBEA

Usingoje kutajwa kwa bahati. Siku chache kabla ya mkutano, pita kwa majirani wenye watoto shuleni, uwaulize linalowasumbua. Sikiliza zaidi kuliko kusema. Ukisimama mkutanoni sema maneno machache: watoto wako wako madarasa gani, utafuatilia jambo gani la kwanza, na siku gani utawarudishia wazazi habari. Usiahidi darasa jipya. Hilo haliko mfukoni mwako. Waweza kuahidi kwamba hesabu ya kila mwezi itakuwa ubaoni, na hilo latosha.

Usinunue kura kwa pombe wala soda. Anayekunywa leo kwa fedha yako atanyamaza kesho utakapokosea, naye ndiye uliyemtaka aseme.

Nasi wapiga kura tuna deni letu. Tusichague ukoo. Tusichague dini pia. Shule ya kijiji ni ya Mkatoliki, ya Mlutheri, ya Mwislamu, na ya yule ambaye haendi popote. Kama mama Mwislamu wa mtaa wa pili ndiye anayejua kutunza hesabu na haogopi kuuliza, mpe kura yako na urudi nyumbani una amani. Watoto wetu wanywa uji kutoka sufuria moja.

Na ukishindwa? Bado ni mzazi. Ubao wa matangazo hausomwi na wajumbe peke yao, na katika mkutano wa wazazi kila mzazi ana ulimi. Mpongeze aliyeshinda, mpe lile ulilokusudia kulifanya, na mwezi unaofuata umwulize limefika wapi. Huenda ukasaidia shule kuliko ungalikaa kitini.

Basi, ndugu msomaji, tangazo la mkutano likisomwa, baba na mama mkae jioni hiyo mwulizane: katika mtaa wetu nani aweza kuomba daftari bila kutetemeka, na kulirudisha bila kuchukua chochote? Mkimpata, mwendeeni kabla ya siku ya mkutano, mumwombe asimame. Na kama majibu yote yawarudia ninyi wenyewe, msitazame pembeni.

Kwaherini mpaka juma lijalo.