Chuo kikuu kidogo Tabora na deni la utafiti kwa watu wa Igunga

WATANZANIA wengi walilizoea jina la Igunga mwaka 2011, pale Rostam Aziz alipojiuzulu ubunge na uchaguzi mdogo wa Oktoba 2 ukaigeuza wilaya hiyo ya Mkoa wa Tabora kuwa uwanja wa helikopta, waandishi wa habari na vigogo wa vyama kutoka kila pembe ya nchi.

Kura zilipohesabiwa na Dk. Dalaly Kafumu wa CCM kutangazwa mshindi, wageni walifunga virago. Igunga ikarejea kuwa mji ambao abiria wa mabasi ya Mwanza huuona dirishani, baada ya Singida na kabla ya Nzega.

Lipo kundi jingine la wageni ambalo huingia huko bila helikopta na kuondoka bila kuagwa. Hao ni watafiti. Kwa miongo mingi wamekwenda Unyamwezini na Usukumani, wameuliza, wamepima, wamechimba, kisha wameondoka na madaftari yao.

Hoja ninayotaka tuijadili ni nani anapaswa kuwarudishia wananchi majibu. Kwa mtazamo wangu, kazi hiyo inakifaa zaidi chuo kikuu kidogo kilicho jirani kuliko vyuo vikubwa vya Dar es Salaam au vya ng'ambo. Tatizo ni kwamba namna tunavyovipima vyuo vyetu haiitambui kazi hiyo hata kidogo.

Chukua mfano wa Bonde la Manonga, lililoko mpakani mwa Tabora na Shinyanga. Katika miaka ya 1990 msafara wa wanasayansi ulioongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York ulichimbua huko visukuku vya wanyama walioishi kati ya miaka milioni nne na milioni tano na nusu iliyopita: tembo wa kale, viboko, nguruwe wa porini wa aina zilizokwisha kutoweka, farasi wa kale wenye vidole vitatu, na mabaki ya mamba na samaki.

Maana yake ni kwamba eneo hilo, ambalo leo mkulima huangalia mbingu akihesabu siku za mvua, lilikuwa na ziwa na mabwawa. Kitabu kizima juu ya matokeo hayo kilichapishwa New York mwaka 1997, kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu.

Mwanafunzi wa sekondari wa Igunga hufundishwa habari za Olduvai, na ni haki yake kuzijua. Lakini ni wangapi kati yao wanaojua kwamba ardhi ya bonde lao wenyewe inatajwa katika maktaba za dunia? Inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba huyo Dk. Kafumu aliyeshinda mwaka 2011 ni mjiolojia, aliyekuwa Kamishna wa Madini. Wilaya ilipata mbunge anayesoma miamba, lakini kampeni zile zilitawaliwa na mambo mengine kabisa.

Au chukua sungusungu. Vikundi hivyo vya ulinzi vilivyozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Wanyamwezi na Wasukuma, kukabili wizi wa ng'ombe na ujambazi, viliandikwa kwa kina na Ray Abrahams wa Cambridge katika jarida la kitaaluma mwaka 1987. Wazee waliovianzisha walitoa masimulizi yao. Makala yakasomwa Uingereza.

Sisemi watafiti hao walikosea. Walifanya kazi yao kwa uaminifu, na pasipo wao tusingekuwa na kumbukumbu hizo. Ninachosema ni kwamba mtu wa New York au Cambridge hawezi kutarajiwa kurudi kila mwaka Choma au Ziba kueleza alichokiona. Anayeweza ni jirani.

Na jirani yupo. Mjini Tabora, umbali wa karibu kilomita 200 kutoka Igunga kwa kupitia Nzega, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake cha AMUCTA. Kilianza mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), na kimepewa jina la Marko Mihayo, aliyeliongoza Jimbo Kuu Katoliki la Tabora kuanzia mwaka 1960 hadi 1985.

Ni chuo kidogo, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuandaa walimu. Wapo wanaodhani chuo cha namna hiyo hakina utafiti wa maana cha kufanya. Dhana hiyo haisimami ukitazama eneo moja tu, nalo ni elimu maalumu.

Tabora ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, kwa juhudi za Kanisa Katoliki. Shule hiyo ilikuwapo kabla Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) hakijatoa kamusi ya lugha ya alama mwaka 1993. Watoto walikuwa wakifundishwa zaidi kwa kutazama midomo ya mwalimu na kujaribu kutamka. Mikono yao, nje ya darasa, ilikuwa ikijenga lugha nyingine.

Wanaisimu waliokuja baadaye, akiwamo Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walibaini kuwa alama zilizotumika katika shule mbalimbali za viziwi hazikufanana. Kila shule ilikuwa kama kisiwa. Maswali yanayofuata hapo ni mengi na si ya nadharia tupu. Je, mtoto kiziwi anayezaliwa katika kijiji cha Igunga, mbali na shule yoyote ya viziwi, anawasiliana vipi na mama yake? Anafika shuleni akiwa na umri gani? Mwalimu wa shule ya kawaida anamtambuaje, au anamwona mzembe tu na kumchapa?

Chuo kinachofundisha elimu maalumu, katika mji wenye historia hiyo, kina nafasi ya kuyajibu maswali haya ambayo hakuna chuo kikubwa kinachoweza kuishindania. Vivyo hivyo kwa watoto wenye ualbino, ambao wimbi la mauaji lililoitikisa nchi kuanzia mwaka 2007 liliwaumiza hasa wa Kanda ya Ziwa na mikoa ya jirani, Tabora ikiwamo. Uoni hafifu wa watoto hao ni suala la darasani: akae dawati la mbele, apewe maandishi makubwa, akingwe na jua. Utafiti wa jambo hilo hauhitaji maabara ya mabilioni.

Maji nayo yanaleta maswali. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walikuwa na ndoto ya kuyafikisha maji ya Ziwa Victoria hadi mbuga za Wembere ili wamwagilie pamba. Vita iliizika ndoto hiyo. Zaidi ya karne moja baadaye, maji ya ziwa hilo yamefika Nzega, Igunga na Tabora kwa bomba, kwa matumizi ya majumbani. Mwanamke aliyekuwa akiamka usiku kufuata maji anautumiaje muda huo sasa? Mahudhurio ya wasichana shuleni yamebadilika? Haya ni maswali ya mhadhiri wa sosholojia mwenye nauli ya basi.

Hapa ndipo panapouma. Mhadhiri huyo hana nauli. Chuo binafsi cha ukubwa huo hutegemea zaidi ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo hutokana na mikopo ya wanafunzi. Udahili ukipungua mwaka mmoja, kinachokatwa kwanza si mshahara wala umeme, ni utafiti.

Zaidi ya hapo, mhadhiri hupanda cheo kwa makala yaliyochapishwa katika majarida ya kitaaluma, mengi yakiwa ya Kiingereza. Wizara ya Elimu chini ya Profesa Adolf Mkenda imekwenda mbali zaidi kwa kuanzisha tuzo ya Sh milioni 50 kwa wanazuoni wanaochapisha katika majarida ya hadhi ya juu duniani. Ni hatua njema kwa sifa ya nchi. Lakini mhadhiri akikusanya walimu wakuu wa Igunga siku nzima na kuwaeleza kwa Kiswahili alichokibaini katika shule zao, hapati tuzo, na siku hiyo haimsogezi karibu na uprofesa.

Wapo watakaosema vyuo vidogo vijihangaikie kwanza ubora, na wana sababu. Julai 2017, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilizuia vyuo na matawi 19 kudahili wanafunzi wapya, likiwamo tawi la Tabora la Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Palikuwa na vyuo visivyo na wahadhiri wa kutosha, na kuvifumbia macho kungekuwa kuwadhulumu wazazi waliouza ng'ombe kulipa ada.

Hata hivyo, ukaguzi unaohesabu shahada za uzamivu na viti vya maktaba bila kuuliza chuo kimelifanyia nini eneo kilipo hukamilisha nusu tu ya kazi. SUA ya Morogoro ilianzisha taasisi yake ya elimu ya kujiendeleza mwaka 1988 ili utaalamu uwafikie wakulima. Hicho ni chuo cha umma. Chuo cha Tabora kingeanza na kidogo.

Na Tabora haianzi sifuri. Kipalapala palikuwa na kiwanda cha uchapaji cha misheni, na gazeti la Kiongozi lilisomwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1950. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kipo nje kidogo ya mji, na watafiti wake walikwisha kuwapa wakulima wa tumbaku miti ya kukua haraka ili waache kumaliza miombo kwa ajili ya kuni za mabani. Elimu ya kuwafikia watu iliwahi kufanyika hapo, ikafanyika vizuri.

Ipo pia njia ambayo haihitaji bajeti mpya. Wanafunzi wa ualimu hutawanywa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja wao akipewa swali moja la kuchunguza katika shule aliyopangiwa, na asikabidhiwe alama zake mpaka amemwachia mwalimu mkuu kurasa mbili za Kiswahili zenye majibu, shule za Igunga zitakazopokea wanafunzi hao zitakuwa na kitu kabatini. TCU ikikubali kuzihesabu kurasa hizo inapokagua chuo, na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikimtaka kila mgeni mwenye kibali cha utafiti aache muhtasari wa namna hiyo katika ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, gharama itakuwa karatasi na wino.