Tusimdai Zawose Kitambulisho

Ukitaka kuwasha ugomvi kati ya wasomi wa Dodoma wanaopenda muziki, weka mezani rekodi mbili za Hukwe Zawose: Chibite ya mwaka 1996 na Assembly ya mwaka 2002. Zote zilitolewa na Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel huko Uingereza. Katika Chibite unasikia sauti za watu, zeze na marimba. Assembly aliitengeneza pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada, na gitaa la umeme limetanda humo kama ukungu. Dakika tano hazitapita kabla mtu hajalitamka neno lenyewe: halisi. Chibite ni halisi, Assembly imechakachuliwa. Kisha atajitokeza mjuzi zaidi, aseme zote mbili si kitu. Cigogo halisi kimo katika rekodi alizofanya Hugh Tracey mwaka 1950, kabla wageni hawajauharibu muziki wetu. Hapo mjadala unafungwa, na hakuna aliyesema lolote kuhusu muziki.

Neno hilo linatupumbaza, na ni wakati wa kuliweka kando.

Tazama wapenzi wa Gustav Mahler wanavyobishana. Bruno Walter, aliyemfahamu Mahler ana kwa ana na kuongoza onyesho la kwanza la Simfoni ya Tisa mwaka 1912, aliirekodi Vienna Januari 1938, na sehemu yake ya mwisho inachukua kama dakika 18. Leonard Bernstein aliirekodi Amsterdam mwaka 1985, na sehemu hiyohiyo inakaribia dakika 30. Nota ni zilezile. Hakuna anayeuliza ipi kati ya hizo ni ya Kiaustria zaidi. Watu huuliza Walter alikuwa anakimbilia nini, au kama Bernstein anaomboleza kweli au anang'ang'ania tu jambo asilotaka liishe. Wanagombana miaka na miaka, lakini wanakubaliana juu ya jambo moja: nyuma ya sauti hiyo yupo mtu aliyeamua.

Heshima hiyo ndiyo tunayomnyima Zawose. Mahler alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Bohemia, akakulia kwenye mji wa bendi za jeshi na ngoma za wakulima, kisha akazibeba sauti hizo hadi kwenye simfoni zake. Katika Simfoni ya Kwanza aligeuza wimbo wa watoto kuwa maandamano ya mazishi. Dunia ikamwita mtunzi. Zawose alizaliwa Doduma, akachunga ng'ombe, akajifunza muziki kwa baba yake, hadi Nyerere akamwita Dar es Salaam. Akaongeza nyuzi kwenye zeze, akapiga marimba makubwa kuliko ya kawaida, akaimba kwa sauti inayozama hadi kifuani na kupanda ghafla hadi kwenye wembamba wa sauti ya kike. Sisi tukamwita mlinzi wa mila. Mlinzi hatungi kitu. Mlinzi husimama getini kulinda mali ya wengine, na asubuhi tunamkagua tuone kama kuna kilichopotea.

Wanaokimbilia rekodi za 1950 nao wajiulize wanakimbilia nini. Tracey alizunguka na mashine zake, akachagua nani arekodiwe, kipaza sauti kikae wapi na wimbo ukatwe lini. Alikuwa mtu wa enzi za santuri za mizunguko 78, ambazo upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Wimbo ambao kijijini huendelea hadi wachezaji wachoke, kwenye santuri huisha kabla jasho halijatoka. Hazina yake, inayotunzwa leo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ni ya thamani kubwa, nami siidharau. Lakini ni usikivu wa mtu mmoja, kama vile Simfoni ya Tisa ya 1938 ilivyo usikivu wa Walter.

Na huo wakati wa "kabla ya wageni" ulikuwa lini? Misafara ya pembe za ndovu ilikatiza Ugogo katika karne ya 19 na kulipa hongo kwa watemi. Wamisionari wa Kiingereza walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Reli ya Kati ilikwisha kupita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Tracey alipowasha mashine zake, Wagogo walikuwa wameishi na wageni kwa vizazi kadhaa. Anayetafuta Ugogo usioguswa anatafuta mahali ambapo Wagogo wenyewe hawajapata kuishi.

Najua hoja itakayorushwa hapa, na ina uzito. Jina lenyewe la "muziki wa dunia" lilikubaliwa na watu wa kampuni za rekodi waliokutana katika baa moja ya London mwaka 1987, wakitafuta jina la rafu dukani. Studio ilikuwa yao, soko lao, masikio yaliyolengwa yao. Sawa. Basi tuulize maswali ya nguvu kwa majina yake: nani aliandikwa kuwa mtunzi, nani anamiliki rekodi, nani analipwa wimbo unaposikilizwa leo. Neno "halisi" halijibu hata moja kati ya hayo. Linamwacha mwenye studio aende zake, na lawama zinamshukia mzee aliyethubutu kujaribu kitu kipya.

Isitoshe, kuacha neno hilo si kusema kila rekodi ni nzuri. Kwangu Chibite inaishinda Assembly, na sababu imo masikioni. Katika Chibite zeze likinyamaza, kimya kinabaki, na sauti ya Zawose inaporudi inakuwa na mahali pa kutua. Katika Assembly, mara nyingi gitaa linakimbilia kuziba kimya hicho, kama mgeni anayeogopa mazungumzo yakisita. Kosa si umeme. Kosa ni kutosubiri. Mpiga marimba wa kijijini asiyejua kusubiri angestahili hukumu hiyohiyo, na mpiga gitaa ajuaye kusubiri angestahili sifa. Unaweza kunipinga, lakini itakubidi usikilize tena ndipo unipinge, na huo ndio mjadala ninaoutaka.

Tutauhitaji hivi karibuni. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Swali la kitambulisho litawafuata nao. Lililo bora ni hili: nini hubadilika katika muziki huu wanawake wakikaa mbele na kuongoza?

Kuuliza hivyo hatuhitaji kujifunzia Vienna. Nenda kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo kule Chamwino, ukae karibu na akina mama wanaojua kupiga ngoma za muheme. Kikundi kikipanda jukwaani watakuambia nani kachelewa kuitikia, nani kaanza juu mno na sasa wenzake wanahangaika kumfuata, na kijiji kipi kiliimba vizuri zaidi mwaka jana. Hawaulizi kama wale ni Wagogo. Hilo wanalijua. Wanauliza kama wameimba.