Kabla ya Kuchangia Redio za Vijana, Tuulize Zitakaa Wapi



Ndugu wazazi, huenda kijana wako amekwisha kukuomba faranga za kitu kinachoitwa Meshtastic. Usimfukuze. Si mchezo wa kamari wala si biashara ya kuingiza watu. Ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2020, inayowezesha redio ndogo, za ukubwa wa kiberiti, kupokezana ujumbe bila laini ya simu na bila intaneti. Redio moja ikipata ujumbe huurusha tena kwa jirani yake, naye kwa mwingine, mpaka ufike. Haibebi sauti wala picha, ni maneno tu, kama herufi mia mbili hivi. Lakini siku ya mvua kubwa, umeme umekatika na simu hazishiki, herufi mia mbili zinatosha kumwambia mama aliyeko Kimisagara kwamba watoto wamebaki salama madrasa huku Nyamirambo.

Mawimbi yenyewe, LoRa, si mageni nchini. Hifadhi ya Akagera ilifungiwa mtandao wa LoRa mwaka 2017, kwa ajili ya ulinzi wa wanyama na kufuatilia magari ya askari wao. Kwa hiyo jambo linawezekana, alhamdulillah, nami naliunga mkono. Nisichokubali ni namna tunavyotaka kununua. Orodha za vijana huanza na kioo kizuri, GPS, na antena ndefu kuliko zote dukani. Fedha za mchango ni amana. Mzee aliyetoa mia tano yake baada ya swala ya Ijumaa hakuitoa ili tununue kioo.

Tuanze na mahali, maana Kigali ni vilima. Redio kumi zikiwa mabondeni hazisikilizani, kilima kiko katikati. Redio moja juu, ikiona mabonde mawili au matatu, hufanya kazi kuliko hizo kumi. Mlima Kigali una mita kama 1,850, nao unatazama Nyamirambo yote. Hatuhitaji kileleni, paa la ghorofa lililo juu mtaani, lenye mwenyewe aliyekubali, latosha kwa kuanzia.

Sasa antena. Hapa ndipo wengi wanapoteza fedha. Watu hudhani antena yenye namba kubwa ina nguvu zaidi. Antena haiongezi nguvu, inayasukuma mawimbi yakae kwa umbo jingine tu. Antena ya dBi 3 hutoa mawimbi kama andazi lililovimba. Ya dBi 8 ni chapati: pana, inafika mbali, lakini nyembamba. Chapati hiyo ni nzuri kwa nchi tambarare. Ukiiweka juu ya kilima chetu itapita juu ya mapaa ya watu walio chini, na redio ya mlima wa mbali itakusikia kabla ya dada yako aliye bondeni. Mimi nasema tuchukue ya dBi 3 mpaka 5, iliyotengenezwa kwa masafa ya 868, na kebo iwe fupi na nene. Kebo nyembamba ya mita kumi hula karibu yote uliyolipia. Na redio isiwashwe kabla ya antena kufungwa, inaweza kuungua.

Bodi za bei nafuu kama Heltec V3, au T-Beam yenye GPS, zinafaa kushikwa mkononi. Juu ya paa ni habari nyingine. Zinatumia chipu ya ESP32, inayokula umeme, na siku za mawingu ya Aprili betri moja haitavuka siku mbili. Ya paani iwe na chipu ya nRF52840, kama RAK4631. Hiyo hukaa siku kadhaa bila jua, hata kwa paneli ndogo ya sola. GPS ya nini? Paa halihami. Na betri zile za 18650 zilizoandikwa 9,900 msinunue. Za kweli hazizidi sana 3,500.

Kuna waliopendekeza mnara wa msikiti. Hapo nasita. Nchi yetu ni ya radi. Machi 2018 radi iliua watu wasiopungua 16 waliokuwa kanisani wilayani Nyaruguru. Chuma kirefu juu ya watoto wanaosoma Qur'ani hakiwekwi bila fundi wa umeme, waya wa kushuka ardhini na kizuia radi. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na kama haipatikani, mnara tuuache.

Masafa nayo yana mwenyewe. Bodi ikipangwa kwa 915 ya Wamarekani inaingia kwenye masafa ya simu za 900. Mtu mmoja aende RURA, na barua, apewe jibu kabla fedha hazijatoka. Tusije tukawa jamaa wa msikiti waliokutwa na redio zisizojulikana.

Kwa kina mama nina neno moja. Ufunguo wa siri unaokuja na programu unajulikana dunia nzima. Yeyote mwenye redio hiyo husoma mnachoandika. Ufunguo wa familia ubadilishwe siku ya kwanza, na redio ya mtoto izimwe sehemu ya kutangaza mahali alipo kwenye mkondo wa wote. Kijana asiyejua kufanya hivyo asipewe kazi ya kuwafungia wengine.

Kwa hiyo nashauri ununuzi wa kwanza uwe redio moja ya paani na mbili za mkononi, tuzijaribu msimu mzima wa mvua. Mwenye paa refu Nyamirambo, au upande wa Rebero, aje tuzungumze inshaallah.

Wassalaam alaykum.