Anayechoka wa Kwanza Atangulie Mbele

Ndugu mfanyakazi,

Siku ya mapumziko unafanya nini? Ninajua jibu lako, maana lilikuwa langu pia. Unavuta kiti chini ya muembe, unatuma mtoto alete chupa, unasema: "Nimetumika siku sita, mwili unaomba kupumzika." Sikatai. Lakini uangalie jioni, unapoinuka katika kiti hicho: mgongo unauma, kichwa kizito, na kesho sireni italia kama kawaida. Je, umepumzika kweli?

Leo ninataka kusema nawe juu ya safari ya miguu ya siku nzima, ile ya mzunguko. Unatoka nyumbani alfajiri, unapita milima na vijiji, na jioni unaingia mjini kwa njia nyingine. Sisi watu wa Likasi tuna bahati. Mji wetu umekaa kati ya vilima, karibu meta 1300 juu ya bahari, na ukitembea saa moja tu umekwisha kuacha moshi na kelele. Hakuna tikiti, hakuna kiingilio. Ninaipenda safari hiyo na ninaomba uipende. Lakini nina neno moja la kukuambia mbele ya kufunga viatu vyako, na neno hilo nililipata kwa aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Tulikuwa watu 11 wa kartie moja: mafundi, wachimbaji, dereva mmoja wa kamioni, na mama wawili waliofuata mabwana wao. Mimi, asistani wa munganga katika dispanseri, nilichaguliwa kuwa kiongozi. Nilifurahi sana. Tulitoka Panda jua halijachomoza, tukaacha barabara ya lami, tukashika njia ya watu wa makala. Mzunguko wetu ulikuwa kilometa 22 hivi, kupanda na kushuka, na vijiji vitatu kati.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri. Mwezi wa tisa mvua haijanyesha hata tone, lakini miti ya pori inakwisha kutoa majani mapya, mekundu kama shaba iliyotoka kuyeyushwa. Tulipanda kilima kimoja kisicho na miti, majani mafupi tu na maua ya shaba. Maua hayo unayajua: yanaota penye ardhi yenye shaba nyingi, mahali ambapo miti mingi inashindwa. Wazee wetu walijua alama hiyo. Walichimba na kuyeyusha na kutengeneza misalaba ya shaba karne nyingi mbele ya reli kufika Lubumbashi mwaka 1910. Dereva wetu akasema: "Kumbe babu zetu walikuwa wa kampani mbele yetu!" Tukacheka wote.

Kijiji cha kwanza kilikuwa kimya. Kuku wachache, mtoto wa kike akitunza wadogo zake, na mzee mmoja kivulini. Wengine walikuwa mashambani wakitayarisha udongo kungojea mvua, na vijana wengi, mzee alituambia, wamekwenda kuchimba kwa mikono yao huko kwenye machimbo. Tulipiga makofi, tukasalimu, tukapita.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi nilikuwa mbele. Nilikuwa na nguvu, nilitaka kuonyesha kwamba munganga anajua kutembea. Nyuma kabisa alikuwa baba mmoja anayetoboa majiwe chini ya shimo, mtu wa miaka 46, mwenye mabega mapana. Kila mara nilipogeuka nilimwona ameinama. Niliita: "Baba, kuna nini?" Alijibu: "Ninafunga kamba ya kiatu, munganga, endeleeni." Tulimngoja kidogo, akafika, na alipofika tu sisi tukaondoka. Wewe mwenyewe hesabu: sisi tulipumzika kila mara, yeye hakupumzika hata mara moja.

Kamba ya kiatu ilifungwa mara saba. Mimi, mwenye diploma, sikuelewa.

Kijiji cha pili tulikifika jua likiwa kichwani. Mama mmoja mzee alikuwa anatwanga mihogo. Alimwangalia baba yule mara moja tu, akaacha mwichi, akaleta kiti, akamwambia: "Kaa, mwanangu." Kisha akanigeukia: "Wewe ndiye mkubwa wao? Mtu wako anapumua kama mivukuto ya fundi wa chuma, na wewe unasimulia juu ya ndege!" Ndugu msomaji, nilikosa pa kuweka macho. Nilimshika mkono: mapigo ya moyo yalikuwa mbio, midomo imekuwa ya kijivu, hakuweza kumaliza sentensi moja bila kukatisha.

Hapo ndipo nilipojua ubaya wa safari ya mzunguko. Safari ya kwenda na kurudi ina huruma: ukichoka, unageuka, na njia unaijua. Lakini ukifika katikati ya mzunguko, kurudi ni mbali sawasawa na kwenda mbele. Kilometa 11 nyuma, kilometa 11 mbele. Hakuna mlango wa pembeni. Tulimweka kivulini, tukamfungua shati, tukampa maji kidogo kidogo, tukangoja masaa mawili mpaka pumzi ikatulia. Mfumu wa kijiji akaita vijana wa makala, wakamwaga magunia yao chini na kutuazima kinga. Tulimketisha juu yake, wanne wakisukuma na kushikilia, tukarudi mjini kwa njia ya kamioni. Tulifika usiku. Watu wale hawakutaka hata franka moja.

Siku ya pili alipigwa picha ya kifua. Ilionyesha vumbi la majiwe, lile tunaloliita silikozi. Hewa ile ya milimani haikumpa ugonjwa huo. Aliuleta kutoka shimoni, miaka mingi, pumzi kwa pumzi. Mlima ulimvua shati tu.

Nilimwuliza: "Baba, tangu lini?" Akajibu: "Miaka miwili, munganga. Hata ngazi za nyumba zinanishinda." Nikakumbuka: kwenye ukaguzi wa mwaka nilimketisha mimi mwenyewe kwenye kiti, nikamwuliza, "Unapumua vizuri?" Akasema, "Vizuri sana." Nikaandika "vizuri". Mtu aliyekaa kwenye kiti hupumua vizuri, ndiyo. Kiti hakina mteremko.

Na kwa nini alificha? Usimhukumu haraka, maana pengine wewe pia unaficha. Primi ya shimo ndiyo inayolipa minervali ya watoto wake wanne. Alijua kwamba munganga akisikia kifua chake, atamtoa kwenye vumbi, na primi itakatwa. Ikawa hivyo. Leo anatumika juu, kwenye depo ya vifaa. Bibi yake anauza mikate asubuhi ili kuziba pengo. Siku moja aliniambia usoni: "Munganga, ulininyang'anya primi." Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ukweli tu: silikozi haina dawa ya kuiondoa, mapafu hayatarudi yalivyokuwa, na mwenye silikozi hushikwa upesi na kifua kikuu. Lakini anayetoka kwenye vumbi mapema anabaki na pumzi aliyonayo kwa muda mrefu kuliko yule anayengoja. Alinyamaza. Kisha akasema: "Basi ungenitoa mapema zaidi." Maneno hayo bado yananilalia moyoni.

Kwa hiyo hili ndilo shauri langu. Katika safari ya miguu, na katika kazi pia, yule anayechoka wa kwanza atangulie mbele. Yeye ndiye atoe mwendo, na wenye nguvu wafuate.

Wengine wataniambia: "Munganga, ukimweka mgonjwa mbele unamwaibisha." Ninasema hapana. Aibu iko nyuma, pale anapofunga kamba ambayo haijafunguka. Akiwa mbele hana haja ya kudanganya, na wote wanamwona. Wengine watasema: "Tutachelewa." Mtachelewa nusu saa. Sisi wenye haraka tuliingia nyumbani usiku.

Fikiri sasa juu ya kikosi chako cha kazi. Ni nani kwenu anayefunga kamba? Ni nani anayekohoa akigeukia ukuta? Ni nani anayeomba kila mara kushika taa kuliko kushika mashine? Chini ya shimo pia ni safari ya mzunguko: mkishakuwa mbali, kutoka kunachukua muda ule ule wa kuingia, na moshi au jiwe havingoji. Mtu anayeficha pumzi yake anaweka hatarini wale wote watakaombeba.

Na kwa wakubwa wa kazi, popote walipo, nina neno la heshima. Mtu anayesema ukweli juu ya kifua chake asirudi nyumbani na mfuko mtupu kuliko yule anayedanganya. Tukiadhibu ukweli, tutapata kamba za viatu tu.

Usinielewe vibaya: nenda milimani! Kifua kizima kinapata nguvu huko, moyo unajifunza kutumika polepole, na akili inasahau kelele ya mashine. Lakini fuata haya:

1. Mjaribu kwanza mzunguko mdogo, kilometa 8 au 10. Anayeuweza bila taabu ataweza mkubwa baadaye.

2. Mwambieni mtu anayebaki nyumbani njia mtakayopita na wakati wa kurudi. Mbele ya kufika katikati, simameni na kuulizana: tunaendelea au tunageuka? Mmoja akisema "tugeuke", mmegeuka.

3. Kila mtu abebe lita 3 za maji yaliyochemshwa, na zaidi wakati wa joto kali la mwezi wa tisa na wa kumi. Maji ya kijito ni mazuri kwa macho, lakini kuhara hakuangalii uzuri. Lutuku iache nyumbani.

4. Mtu akianza kusema ovyo kwa ajili ya jua, au akiyumba, au ngozi ikiwa moto sana, mtie kivulini upesi, mlowanishe maji mwili wote, mpepee, na tumeni mtu kutafuta motokari. Hiyo ni hatari ya kufa.

5. Vaa viatu vinavyofunika mguu na suruali ndefu. Nyoka akiuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze wakati na jiwe jeusi. Mguu utulie kabisa, mgonjwa abebwe, apelekwe hospitali.

6. Kijijini, piga hodi kwa mfumu kwanza. Usichume masuku katika kiwanja cha mtu, usiache plastiki, na ukipewa kiti, kaa. Ninyi ni wageni, na siku ya shida watu hao ndio ambulansi yenu.

7. Usiingie kwenye mashimo ya zamani. Na upande wa Shinkolobwe usipange safari kabisa. Chimbo hilo la uranium lilifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004, na mwaka ule ule liliporomoka na kuua watu. Mionzi haina harufu wala rangi.

8. Uwe umeingia nyumbani mbele ya giza. Mbu wa malaria anaanza kazi yake pale wewe unapomaliza yako.

9. Ukiona mlima uliokuwa unaupanda mwaka jana sasa unakushinda, njoo dispanseri wiki ile ile. Pengine ni vumbi, pengine ni kifua kikuu, pengine ni damu kupungua au moyo. Usijipime mwenyewe. Njoo, na useme ukweli. Mimi nimeacha kuuliza watu wakiwa wamekaa. Sasa ninawapandisha ngazi kwanza.

Baba yule bado anatembea nasi. Amechagua mzunguko mdogo, ule wa kilometa 6 upande wenye mteremko mdogo, na kila baada ya kitambo anasimama bila kuinama. Sisi wote tunasimama nyuma yake. Mwezi uliopita tulimpelekea yule mama mzee wa kijiji cha pili kilo mbili za chumvi na kitenge. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akauliza: "Na leo, mtu wako wa nyuma ni nani?" Nikamwonyesha: nilikuwa mimi.

Kazi njema, ndugu mfanyakazi, na safari njema.